BUNDUKI HAIFYATUKI, HUFYATULIWA

Juma hili nataka tuzungumze juu ya neno moja la Kiswahili ambalo limezoeleka mno katika habari za polisi na katika misiba yetu. Neno lenyewe ni "ilifyatuka". Mtu amekufa, au amejeruhiwa mguu, au mtoto wa jirani amepoteza jicho, na maelezo yanayotolewa ni yale yale: mwenye nyumba alikuwa akisafisha bunduki yake, na kwa bahati mbaya ilifyatuka. Baada ya hapo watu hutikisa vichwa, mmoja husema ajali haina kinga, na mazungumzo huhamia kwenye mambo mengine.

Lugha yetu ina huruma sana kwa mkosaji. Mtoto aliyeangusha sahani hasemi amevunja sahani. Husema, "Mama, sahani imevunjika." Dereva hasemi amelipindua gari, gari limepinduka. Maziwa yamemwagika, mlango umefunguka. Hiyo -ka ya mwisho wa neno humtoa mtendaji kwa mlango wa nyuma kabla wenyeji hawajamwona. Kwa sahani si neno, kesho tutanunua nyingine. Kwa bunduki ni hatari, maana kifo kikishakuwa kitu kilichotokea chenyewe, hakuna anayejifunza lolote, na mwenye bunduki wa nyumba ya pili ataendelea kuisafisha kama alivyozoea.

Basi hoja yangu ya leo ni hii, nami naomba mnisikilize hadi mwisho kabla hamjanipinga. Bunduki yenye risasi haisafishwi. Sisemi kwamba haifai kusafishwa, nasema haisafishiki. Kusafisha bunduki maana yake ni kuifungua, kuutenga mtutu, kupitisha brashi na kitambaa kutoka upande mmoja hadi wa pili, kufuta masizi ya baruti na kupaka mafuta kidogo. Kama risasi imekaa pale nyuma ya mtutu, brashi haiwezi kupita, na huwezi kuona mwanga ukichungulia. Kwa hiyo mtu anayesema bunduki ilifyatuka akiisafisha, kwa hakika anatuambia kwamba alikuwa hajaanza kuisafisha. Aliruka hatua ya kwanza ya kazi, au aliifanya kinyume. Hapo hapo ndipo kifo kilipopita.

Tena tukumbuke kwamba maneno hayo, "alikuwa akisafisha bunduki," yamewahi kutumika kufunika mambo mengine kabisa. Wengi mmesikia habari za Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1954. Huyu bwana alizifahamu nchi zetu. Mwaka 1933 na 1934 aliwinda Kenya na Tanganyika, na kitabu alichoandika kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1935. Alikuwa mtu wa bunduki tangu utoto. Tarehe 2 Julai, 1961, alifariki nyumbani kwake Ketchum, katika jimbo la Idaho, na habari ya kwanza ambayo mkewe aliwapa waandishi ilikuwa kwamba bunduki ilimpiga kwa bahati mbaya alipokuwa akiisafisha. Baadaye mjane mwenyewe alikubali hadharani kwamba mumewe, aliyekuwa mgonjwa na mwenye huzuni kubwa, alijiua.

Simlaumu mama yule. Mjane asubuhi ya msiba ana haki ya kusema linalomsaidia kusimama. Lakini tazameni ni neno gani lililomjia kwanza mdomoni. Lilimjia hilo kwa sababu kila mtu angeliamini. Nasi tuchukue fundisho hapa kabla hatujaendelea: ukiona ndugu yako nyumbani amezama katika huzuni, halali, hali, anazungumza kana kwamba anaaga, usimwachie bunduki ya kusafisha. Zungumza naye, mpelekeni hospitali, na silaha ipelekeni kituo cha polisi itunzwe huko. Si aibu hata kidogo.

Turudi sasa kwa wale ambao kweli hawakukusudia. Risasi yao hujificha wapi? Hujificha chemba. Kwa wasioijua bunduki, niseme kwamba bastola nyingi za siku hizi hubeba risasi zake katika magazini, kile kikasha kinachochomekwa ndani ya mpini. Mtu akishaikoki, risasi moja hutoka katika magazini ikaingia chemba, yaani ile nafasi iliyo nyuma kabisa ya mtutu, ikakaa tayari. Sasa akichomoa magazini, macho yake huona kikasha mkononi, na moyo wake humwambia: tayari, haina kitu. Kumbe ile moja bado imo ndani.

Mwaka 1978, huko California, mpiga gitaa maarufu wa bendi iliyoitwa Chicago, jina lake Terry Kath, alikuwa nyumbani kwa rafiki yake pamoja na bastola zake. Rafiki aliingiwa na hofu. Kath akamtoa wasiwasi kwa kumwonyesha magazini ya bastola moja, ambayo kweli ilikuwa tupu. Lakini ndani ya chemba ilikuwamo risasi. Alikuwa na umri wa miaka 31, na hakufikisha 32. Mtu yule hakuwa mgeni wa silaha, alizipenda na kuzijua. Alichokionyesha kilikuwa cha kweli, ila hakikuwa jibu la swali lililoulizwa. Rafiki aliuliza juu ya bastola, yeye akajibu juu ya magazini.

Wapo pia wanaofanya hatua zote mbili, lakini kwa mpangilio uliogeuka. Hukoki kwanza, risasi ya chemba ikaruka nje, wakairudisha mezani wakifurahi. Ndipo wanachomoa magazini. Hawakumbuki kwamba walipokoki, magazini ilikuwa bado ndani, nayo ikaingiza nyingine mahali pa ile iliyotoka. Mambo ni mawili tu, lakini ukiyageuza umeijaza tena bunduki uliyodhani umeitoa risasi. Na hapa niongeze jambo moja wanalolijua wenye bastola aina ya Glock, ile iliyobuniwa Austria na kuanza kutumiwa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1982. Ili kuifungua bastola hiyo kwa ajili ya kuisafisha, lazima kwanza uvute kifyatulio, kile kidude cha kuvutwa kwa kidole. Ndivyo ilivyoundwa. Aliyekagua chemba yake atasikia mlio mdogo wa chuma na kuendelea na kazi. Aliyeiruka hatua ile atasikia mlio mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Morogoro kurekodi mazungumzo na mzee mmoja, bwana nyama mstaafu, ambaye alibeba bunduki porini kwa zaidi ya miaka thelathini na bado ana leseni ya shotgani yake. Nilimkuta barazani. Baada ya shikamoo na marahaba, nilimwuliza kama bunduki yake imewahi kufyatuka nyumbani. Alicheka. Akasema, "Mwanangu, mimi bunduki siiamini, na kumbukumbu yangu siiamini pia. Naamini kidole kilichoingia ndani kikatoka bila kugusa kitu."

Kisha akanionyesha afanyavyo. Aliwatuma wajukuu kwa shangazi yao, si uani, bali nyumba ya pili kabisa. Pembeni mwa mkeka ilikuwapo ndoo kubwa iliyojaa mchanga hadi juu, na mdomo wa mtutu ulielekea kwenye ndoo ile muda wote, haukuzunguka hata mara moja kumtazama mtu. Aliikunja bunduki katikati, akatazama matundu yote mawili hadi akaona mwanga upande wa pili, akaingiza kidole. Halafu akaita, "Mama, njoo utazame." Bibi akatoka jikoni akijifuta mikono kwa khanga, akainama, akachungulia, akasema, "Haina kitu, baba," akarudi kwenye vitunguu vyake. Mzee akaniambia bibi amefanya kazi hiyo tangu walipooana, na hajawahi kukuta kitu. Nikamwuliza, kama hajawahi kukuta kitu, ya nini kuendelea kumwita? Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza kwa nini tunasahihisha hesabu iliyokwisha kupatikana.

Risasi zenyewe hazikuwapo barazani. Zilikuwa chumbani, katika kisanduku chenye kufuli, baada ya kuhesabiwa. Huo ndio utaratibu wote, nami nitaurudia taratibu kwa anayetaka kuandika. Kwanza, watu watoke. Pili, mdomo wa mtutu uelekee mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu. Tatu, magazini itoke. Nne, baada ya magazini kutoka, ndipo ukoki, risasi iliyobaki iruke nje, uiache chemba wazi. Tano, tazama na uguse kwa kidole. Bastola ya silinda, fungua silinda na uhesabu matundu yote. Sita, risasi zote zihesabiwe na kupelekwa chumba kingine. Saba, mwite mwingine mtu mzima atazame. Hayo yote hayafiki dakika tano. Mmarekani mmoja, Jeff Cooper, aliyekuwa mwanajeshi na kisha mwalimu wa silaha, alifanya hilo kuwa kanuni ya kwanza ya mafundisho yake: kila bunduki ina risasi. Hata ile uliyoitoa risasi mwenyewe jana, leo ina risasi mpaka uikague upya.

Na ndugu zetu wenye magobore huko vijijini wasidhani wamesahaulika. Gobore halina magazini wala chemba ya kufunguka, kwa hiyo huwezi kuchungulia. Lakini mdeki upo. Unatumbukiza mdeki ndani ya mtutu uliohakikisha ni mtupu, unautia alama pale unapoishia mdomoni. Siku nyingine ukitumbukiza na alama ikabaki juu, basi baruti na risasi vimo ndani, umelishindilia ukasahau, au mwingine amelishindilia bila wewe kujua. Kazi hiyo hufanywa fataki ikiwa imeondolewa, na uso wako ukiwa mbali na mdomo wa mtutu.

Huenda mtu akasema, kama kusafisha ni hatari hivyo, afadhali tusisafishe. La hasha. Bunduki isiyosafishwa ni adui wa pili. Sisi wa pwani tunaijua kazi ya upepo wa bahari. Mabati, baiskeli, bawaba za milango, vyote huliwa na chumvi na unyevu. Bunduki ni chuma kama hivyo. Masizi ya baruti nyeusi ya gobore nayo hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana wajuzi huosha mtutu wake kwa maji ya moto na sabuni, wakaukausha vizuri, ndipo wakapaka mafuta. Wapo nyigu wanaojenga nyumba za udongo ndani ya tundu lolote wanaloliona, na mtutu uliosimamishwa kwenye kona miezi sita kwao ni kiwanja kizuri. Mtutu ulioziba, iwe kwa udongo, kitambaa kilichosahaulika au kipande cha mti, unaweza kupasuka mkononi siku utakapopigwa. Kwa hiyo safisheni. Lakini mafuta yawe kiasi, maana yakizidi hukamata vumbi na mchanga mpaka mitambo inakwama. Na mkimaliza naweni mikono kwa sabuni. Risasi ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu cha kuua, na madini hayo ni sumu hasa kwa watoto. Meza ya chakula si mahali pa kazi hii.

Sasa niseme juu ya hatari ya pili, ambayo watu wengi hawaifikirii kabisa, nayo huja mwishoni. Mtu amefanya yote vizuri. Amekagua, amefungua, amesafisha, amefunga. Anairudishia risasi kama ilivyokuwa. Kisha, kwa furaha ya fundi aliyemaliza kazi, anataka kusikia kama inalia vizuri, na anavuta kifyatulio. Dakika ishirini zilizopita ilikuwa tupu, na mikono yake bado inakumbuka utupu ule. Dawa yake ni moja tu. Jaribio lifanyike kabla ya risasi kurudi, tena baada ya kukagua upya. Halafu bunduki ifungiwe kabatini, ufunguo utiwe mfukoni, ndipo risasi ziguswe. Visikutane mezani tena siku hiyo.

Hapa mjini jambo hili lina uzito wa peke yake. Nyumba zetu zimebanana. Chumba na chumba vimetengwa kwa tofali moja, pengine kwa mbao nyembamba, na juu ni dari ambayo hata panya huitoboa. Hata risasi ndogo za bunduki, zile za namba 22, hutoka kiwandani na onyo kwamba zinaweza kufika umbali wa zaidi ya kilometa mbili. Mwenye bastola anayeikoki sebuleni huku televisheni inaonyesha mpira, hayuko peke yake. Yuko pamoja na mpangaji wa chumba cha pili, mtoto anayefanya hesabu za shule nyuma ya ukuta, na mama ntilie aliyejilaza kidogo baada ya kazi.

Niliwahi kukaa katika msiba wa kijana wa miaka kumi na minne. Sitasema mtaa, wala sitasema mwaka, maana wazazi wako hai. Baba yake ndiye aliyekuwa na leseni, na ndiye aliyekuwa na bunduki mkononi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, na kila aliyemfikia kumpa pole alimwambia maneno yale yale manne: "Ilifyatuka tu, ndugu yangu." Watu wakamjibu kwamba ni kazi ya Mungu. Ilikuwa sawa kumjibu hivyo. Siku ile haikuwa siku ya kumfundisha mtu. Lakini nilimwona mama wa kijana, aliyekuwa ameketi na wanawake wenzake mkekani, kila neno lile liliposikika alikuwa akigeuza uso pembeni.

Yapo mambo ambayo sheria inaweza kufanya. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mwaka 2016 wenye silaha waliitwa kwenda polisi kuzihakiki. Ni kazi njema, maana silaha isiyojulikana iliko ni tatizo la wote. Lakini uhakiki hutazama namba ya bunduki, kitabu na jina la mmiliki. Hauwezi kutazama mikono yake saa nne usiku akiwa sebuleni. Polisi hawezi kuja kila Jumapili kumwuliza baba wa watu kama amechomoa magazini kabla ya kukoki. Wa kuuliza ni mkewe, ni mtoto wake mkubwa, ni mgeni aliyeketi kochini. Na mwenye bunduki asikasirike akiulizwa. Kama bibi wa Morogoro anaweza kuitwa kutoka jikoni mara mia akute haina kitu, nasi tunaweza kuuliza mara moja.

Asiyejua kuifungua, asijifunze peke yake kwa kubahatisha. Aende kwa fundi wa silaha mwenye kibali, au aulize polisi walipompa leseni. Hakuna mwanamume aliyepungua kwa kuuliza.

Wahenga walisema ajali haina kinga, nao walikuwa na haki. Mti huanguka, radi hupiga, mashua huzama baharini palipokuwa shwari asubuhi. Lakini si kila kifo cha ghafla ni ajali ya namna hiyo. Nakubali kwamba bunduki chakavu, ambayo mitambo yake imelika, inaweza kulia ikianguka chini bila mtu kuvuta chochote. Hata hiyo, ndugu wasikilizaji, haiwezi kutoa risasi ambayo haimo. Bunduki tupu ikianguka kutoka ghorofa ya tatu itavunja kitako chake, basi. Wala hakuna bunduki inayojikoki yenyewe, ikajielekeza yenyewe ukutani kwa jirani. Ajali haina kinga, lakini bunduki inayo, na kinga yake ni ule ukaguzi wa dakika tano kabla kitambaa hakijaguswa.

Kwa hiyo tutakaposikia tena kwamba fulani alikuwa akisafisha bunduki na ikafyatuka, tumzike marehemu kwa heshima, tuwape pole wafiwa, na tusiongeze chumvi kwenye kidonda. Lakini tukirudi majumbani kwetu tuseme Kiswahili kilichonyooka, hasa mbele ya watoto wetu: kuna mtu aliyeifyatua, kwa sababu hakutazama ndani. Tukiweza kulisema hivyo, mwenye bunduki anayetusikia atatazama ndani kabla hajashika brashi.